Mama Mkasi na Msonobari Wenye Kitambi

Ndugu, jamaa, majirani, na wanachama wote wa Chama cha Miti ya Chungu mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza marehemu: anayesoma maneno haya ni binti yake, kama programu inavyoonyesha. Asubuhi hii wapo walioomba wasifu ufupishwe. Walisema msibani si mahali pa kuanika nguo chafu. Binti aliwasikiliza kwa adabu, akawamiminia chai, kisha akauacha kama ulivyo, kwa sababu marehemu aliusikiliza wote akiwa kitandani, na kila alipokutana na neno laini alisema, "Hapo umempaka mafuta. Futa." Kwa hiyo atakayekerwa asimlaumu msomaji. Mwenye maneno yuko hapa mbele yetu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hatajibu.

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina la Mama Mkasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi cherehani. Alikuwa mtoto wa kwanza. Mdogo wake wa pekee, wa kike, alizaliwa miaka mitano baadaye. Jina la Mkasi alilipata kabla hajajua kusoma. Siku moja aliona mkono mmoja wa gauni lake umezidi mwingine, akachukua mkasi mkubwa wa baba akaupunguza. Ukawa mfupi kuliko wa pili, akaupunguza na wa pili. Aliendelea hivyo, huku na huku, mpaka gauni likabaki halina mikono. Baba alipouliza kulikoni, alijibu, "Ilikuwa haijalingana." Tangu hapo hakuwahi kuvumilia kitu ambacho hakijalingana, na hakuwa mwepesi wa kusahau. Msichana aliyemnyima zamu ya bembea shuleni alikuja kukosa kadi ya mwaliko wa harusi yake. Alipouliza sababu, alikumbushwa bembea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955 akamaliza vizuri, hasa hesabu na kazi za mikono. Nafasi ya kuendelea aliipata, lakini mama yao alikuwa ameanza kuugua na lazima mmoja abaki nyumbani. Alibaki yeye. Mdogo wake akaenda sekondari kwa sare ambazo marehemu alizishona, kola ikiwa imepigwa pasi kila Jumatatu. Hakuwahi kulilalamikia jambo hilo. Linatajwa hapa kwa kuwa kuna watu wamelisahau, na mmoja wao alikula matunda yake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa saluni, mwaka 1964, akikata nywele za wanawake na watoto. Miaka mitatu baadaye aliajiriwa kwenye kitalu cha miche ya mapambo, kupunguza nyua. Nyuma ya banda la mbolea palikuwa na makopo ya misonobari michanga iliyokataliwa kwa kuwa imepinda. Alichukua mmoja, mwembamba kama penseli, akasema una mgongo wa mtu anayewaza. Ndio ulikuwa mwanzo. Miti ya chungu, ambayo wenye vitabu huiita bonsai, aliijifunza kwa msimamizi wa kitalu na kwa kuiua. Alikuwa akisema aliizika mingi kabla ya kuelewana na mmoja.

Wengi hapa mmepita mikononi mwake, kwa hiyo mnazijua amri zake. Baada ya majira ya baridi, msonobari unapotoa vile vichipukizi vilivyosimama wima kama mishumaa, huvikati kwa mkasi. Unavimega kwa vidole, maana chuma huziacha ncha za sindano, yaani majani yake, zikiwa kahawia kama zimeungua. Waya wa shaba unauzungusha kwenye tawi likiwa bado laini, na unautoa kabla haujaingia kwenye gome. Samaki mkunje angali mbichi. Na msonobari vivyo hivyo. Na amri kubwa kuliko zote: ukikata tawi, usimalize sindano zake zote. "Nywele ukikosea, baada ya mwezi zimeota na mteja amekusamehe," alikuwa akituambia. "Tawi la msonobari ukiliacha tupu bila hata sindano moja, hapo haparudi kitu. Tawi limekufa, na wewe ndiye uliyeliua."

Mwaka 1971, tarehe 18 Desemba, aliolewa na fundi redio aliyekuja kitaluni kutengeneza redio ya ofisi. Redio ile iliharibika mara nyingi mno mwaka ule, na baadaye mzee alikiri kwamba kila alipoitengeneza aliacha skrubu moja imelegea. Wasichana wengine waliletewa maua. Huyu aliletewa waya wa shaba, uliofunguliwa kutoka kwenye mitambo mibovu, ukapashwa moto jikoni ili ulainike, ukakunjwa vizuri kwenye karatasi ya khaki. Walikuwa chanda na pete. Walijaliwa watoto wawili, na uani kwao palikuwa na rafu ya mbao ndefu kutoka mlangoni hadi bombani, misonobari imepangwa juu yake kwa umri kama wanafunzi wa shule. Wa mwisho kulia, karibu na bomba, ndio ule wa banda la mbolea. Watoto walikatazwa hata kuukoholea.

Sasa tufike mahali ambapo wengine walitamani tuparuke.

Mwaka 1979 mdogo wake marehemu aliolewa na kijana mtanashati mwenye maneno matamu, ambaye leo sote tunamwita Mwenyekiti. Yupo nasi, safu ya mbele, ameketi karibu na shada kubwa. Karibu, Mwenyekiti. Ni marehemu aliyempeleka chamani. Ni marehemu aliyemshika mkono na kumwonyesha jinsi ya kuzungusha waya. Kwa miaka saba alikula mezani kwake kila Jumapili na kumwita dada.

Mwaka 1986 mume wa marehemu aliugua ghafla akalazwa. Marehemu alihamia hospitali, akilala kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda. Misonobari haisubiri mgonjwa apone. Ikikosa maji kwenye chungu inakauka. Alimpa shemeji yake ufunguo wa uani. Mume alifariki tarehe 2 Oktoba. Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, marehemu alitoka kwenda kuiangalia miti yake akakuta pengo karibu na bomba. Ule msonobari wa miaka kumi na tisa ulikuwa umeingizwa kwenye maonyesho ya chama kwa jina la shemeji, ukachukua kombe la kwanza.

Alikwenda kwake siku hiyo hiyo, bado na nguo nyeusi. Binti anayesoma hapa alikuwepo, amemshika mama kidole, na aliyasikia yote.

"Shemeji, mti wangu uko wapi?"

"Karibu kwanza, dada. Pole sana na msiba. Mti upi?"

"Huo nyuma yako. Wenye kombe."

"Ah, huu! Huu niliukuta hali yake mbaya, dada, unakaribia kufa. Mimi ndiye niliyeuokoa."

"Nilikuachia umwagilie."

"Na nilimwagilia! Ungekufa ningeitwa mzembe. Umeshinda, naitwa mwizi? Wewe una msiba, akili haijatulia. Nenda kapumzike, tutaongea."

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Marehemu alimgeukia, akingoja aseme neno moja tu. Mdogo wake alitazama vikombe. Marehemu aliondoka bila kunywa, na hakunywa tena kitu katika nyumba ile mpaka kufa kwake.

Alipeleka shauri chamani. Aliambiwa kwamba mti ni wa yule aliyeuleta mezani, kanuni ndivyo zilivyo, na kwamba mjane asichafue jina la chama. Mwaka uliofuata, kwa sifa ya mti ule, shemeji akawa Mwenyekiti. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Cha marehemu kilikuwa kimevaa suti.

Wizi huo, kwa maneno yake mwenyewe, angeweza kuuzoea. Kilichomshinda kilikuja mwaka 1989. Chama kilitarajia wageni, na Mwenyekiti alitaka mti wake upendeze. Aliukata matawi ya chini yote mawili mpaka yakabaki vijiti vitupu, hakuacha sindano hata moja, kwa kuwa somo hilo siku lilipofundishwa alikuwa anapiga soga. Kisha alipoona mambo yameharibika akakata na ya juu ili yalingane na ya chini. Sindano zilizobaki zikaanza kugeuka manjano. Akaufunga blanketi, akauweka kiti cha mbele cha gari, akaja nao mpaka mlangoni kwa marehemu.

"Shemeji, tusaidiane," alisema. "Hakuna anayeujua mti huu kama wewe."

Marehemu aliugusa shina kwa kidole gumba, pale nyuma, chini ya tawi la pili, ambapo waya wake wa ujana uliwahi kuchelewa kutolewa ukaacha alama. Aliona kwamba bado ungeweza kupona.

"Rudia ulichosema," alisema.

"Hakuna anayeujua kama wewe."

"Basi hayo hayo kayaseme Jumamosi mbele ya wanachama. Useme mti ni wa nani. Sitaki kombe, sitaki radhi. Sema tu ni wa nani, halafu niletee Jumamosi jioni, nitaukesha mpaka upone."

 Mwenyekiti aliuzungushia mti blanketi lake, akaurudisha garini, akaondoka. Jumamosi alihutubia kuhusu usafi wa ukumbi. Msonobari ulikufa Septemba, na kuni zake zikatupwa. Habari zilipomfikia marehemu aliingia bafuni, akafungua bomba hadi mwisho ili watoto wasimsikie, na alipotoka macho yalikuwa mekundu na moyo umekuwa jiwe. Wapo wanaosema angeuponya tu, mti hauna kosa. Marehemu pia alisema hivyo, kwa miaka mingi, akiwa peke yake na sahani anazoosha. Halafu aliongeza kwamba hata leo angemjibu shemeji vile vile. Mtu yule alichagua mti ufe kuliko jina la mwenyewe litajwe. Basi na iwe.

Juma lililofuata alinunua msonobari mchanga kitaluni, akauweka karibu na bomba, na kuanza kazi kubwa ya maisha yake.

Wakuza miti hapa mtanielewa. Kosa ambalo sote tunalikimbia ni kuacha matawi mengi yatokee mahali pamoja, kwa sababu shina huvimba pale na mti unapata tumbo. Marehemu alilitafuta kosa hilo. Katikati ya shina aliacha matawi matano yatoke pamoja, akayalisha, akayalea mwaka hadi mwaka, kisha akayakata. Na tumbo likabaki, la mviringo, lenye heshima zake. Sehemu ya juu aliikunja kwa waya ikatokeza mbele kama shingo ya mtu anayetafuta kamera. Upande wa kushoto aliushusha kidogo kuliko wa kulia. Utosini alimega kila kichipukizi kilichothubutu, akaacha sindano pembeni tu, juu ya masikio kama mti ungekuwa na masikio. Na tawi moja refu la kulia alilinyoosha mbele, kiganja kimeinuliwa, likipokea kitu ambacho hakikuwa chake. Subira yavuta heri, ndiyo. Hii ilikuwa inavuta kitu kingine, na alikuwa na subira nayo zaidi ya miaka kumi. Fundi vyungu alipoletewa vipimo na kuuona, alikaa chini kwenye ndoo.

"Mama Mkasi! Huyu si…?"

"Huyu ni msonobari," alijibu marehemu. "Nipimie chungu, usinichekeshee wateja."

Mwaka 2003 aliupeleka kwenye maonyesho. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa jaji mkuu. Aliuzunguka mara mbili, mikono nyuma, na ukumbi mzima ukanyamaza, maana kila mtu alikuwa ameshaona isipokuwa yeye. Nyani haoni kundule.

"Nasikitika," alitangaza. "Mti huu una kasoro nyingi. Shingo imetoka mbele bila sababu. Tumbo limevimba, ni aibu. Bega moja limeshuka. Kichwani hamna kitu kabisa! Na hili tawi, hili linaomba nini? Mti wa namna hii hauna heshima, na sijui nani anaweza kuishi nao nyumbani."

Mdogo wake marehemu, aliyekuwa ameketi nyuma, alipaliwa na soda. Mama wa chai alicheka kwa sauti, akaziba mdomo kwa kitambaa cha mezani, na baada yake ukumbi ukapasuka. Mwenyekiti alicheka nao mwanzoni. Kisha aliutazama mti, akakitazama kivuli chake ukutani, na kitambi chake kikatulia. Marehemu aliinuka, akasema kwa upole, "Asante, shemeji. Hakuna aliyewahi kuueleza vizuri hivyo," akabeba mti wake akaenda nyumbani. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu afiwe, aliimba akipika.

Lakini furaha ya kucheka haikumtosha. Watu walicheka, wakasahau. Kwenye ukuta wa ukumbi wa chama picha ya kombe la mwaka 1986 bado imetundikwa, na jina lililo chini yake bado si la marehemu. Hicho ndicho alichokitaka: jina lake chini ya mti wake, mtu mmoja alitamke kwa kinywa chake. Hakuna kingine.

Mwaka 2022 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa kwa uangalifu na wauguzi ambao aliwakosoa nywele zao bila kuombwa. Kitanda chake kilikuwa dirishani, na binti yake alileta msonobari mmoja kila wiki ili aelekezwe cha kumega. "Si huko. Huko ni kumwonea. Kulia. Sasa uache upumue." Mwezi Mei mwaka huu mdogo wake alikuja peke yake, akaketi, akalia.

"Dada, siku ile nilikuwa na vikombe mkononi."

"Nilikuona."

"Nisamehe."

"Wewe nilikusamehe zamani. Ulikuwa unaishi kwake, ungelala wapi? Nilikasirika kwa sababu ya zile kola nilizokupigia pasi, yakaisha. Futa machozi."

"Na yeye, dada?"

"Yeye nina mpango naye."

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, wakati wa chai, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe wa kiume. Neno lake la mwisho kwa binti yake lilikuwa kuhusu bomba la uani, kwamba linavuja na fundi aitwe.

Marehemu ameacha binti mmoja, mtoto wa kiume mmoja, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo wake wa kike aliyempenda, na misonobari ishirini na sita ambayo wanafunzi wake wameshagawiwa. Ameacha pia shemeji mmoja.

Kwa shemeji ameacha usia, nao ni huu. Ile meza iliyofunikwa kitambaa cheupe, kando ya jeneza, ina msonobari aliouhukumu mwaka 2003. Ni wake. Atauchukua leo, mbele yenu, auweke barazani kwake ambako sisi majirani tunapita kila siku. Atauamsha kwa maji kila asubuhi, si mengi, kwa maana mizizi ya msonobari haipendi kulala majini. Ukistawi, tutaona anaishi na nani. Ukifa, tutajua ameua wa pili. Mti wa chungu ukitunzwa unaweza kumzika mtunzaji, na wajukuu wake, na bado ukawa umenyoosha mkono.

Au asiuchukue. Marehemu hakutaka aonewe. Aliacha mlango mmoja wazi, ule ule wa mwaka 1989. Shemeji akisimama sasa hivi, akafika hapa, akasema kwa kinywa chake msonobari wa kombe ulikuwa wa nani, basi mti huu utarudi uani na binti, utaondolewa waya, utaachwa uote unavyotaka, na watoto hawataambiwa kamwe ulikuwa unafanana na nani. Mdogo wake marehemu ameshaelezwa. Ndiye aliyekishika kile kitambaa cheupe cha mezani, na leo hana kikombe mkononi.

Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa. Mti ule pale. Kaburi halifukiwi mpaka uchague.

Mama yetu na apumzike kwa amani, mara tu utakapomaliza.